Majina Chini ya Miguu

Wa kwanza nilimkuta kwenye mfuko wa koti la mtoto. Dada yangu anauza nguo za watoto za mitumba sokoni Musoma, na tangu nilipomaliza darasa la saba kazi yangu ni kufungua belo za nguo, kuchambua na kupekua mifuko. Mifukoni huwa tunakuta leso chafu, vijiwe, maganda ya pipi. Mara moja tulikuta jino. Siku hiyo nilitoa mtu wa plastiki, urefu wake kama kidole changu cha kati. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili, kimekaa juu ya springi, na ukimgusa kilitikisika. Macho yalikuwa meusi, ya mviringo, hayana mboni. Alikuwa amechorwa kofia nyekundu, mdomo ameufunga, na mkono wa kulia ameuinua juu kama mwanafunzi anayejua jibu. Mimi sijawahi kuinua mkono darasani hata siku moja. Nikamtia mfukoni mwangu.

Kijana mmoja mteja alimwona akasema huyo ni wa katuni, huko Ulaya watoto wote wanamjua. Jina lake hakulikumbuka.

Miezi miwili baadaye, kwenye belo jingine kabisa, nilimkuta tena. Simaanishi aliyefanana naye. Nasema yeye. Sura ile ile, kofia ile ile, mkono juu. Niliacha kuchambua nikakimbia chumbani kwetu mtaa wa Iringo kuhakikisha kwamba wa kwanza bado yupo dirishani. Alikuwepo. Nikawasimamisha pamoja, na nilipofunga mlango vichwa vyote viwili vikatikisika.

Watu wameniuliza, mtu mzima kama wewe unakusanya midoli ya nini? Kwa mdomo sijawahi kujibu vizuri, lakini nikiandika polepole naweza. Nilipokuwa na mmoja nilikuwa na mdoli. Nilipopata wa pili nikaanza kuwaza waliobaki. Kuna kiwanda mahali fulani kilichotengeneza sura moja mara elfu nyingi, kisha wakatawanywa duniani, na wachache wanafika Musoma ndani ya mifuko ya makoti. Kila belo lilipofunguliwa moyo wangu ulipiga. Nilikuwa kama mtu anayepokea wageni msibani, anayeangalia njiani kuona nani hajafika.

Kwa miaka mitatu nilipata tisa.

Shida ni kwamba sikuweza kuwatofautisha, na kuishi na watu tisa usiowajua nani ni nani kunachosha akili. Kwa hiyo nikawapa majina, nikayaandika kwa kalamu chini ya miguu yao. Majina niliyoyajua vizuri kuliko yote yalikuwa ya marehemu wa nyumba yetu. Bibi yetu, mama wa baba, anakaa Butiama. Ni Mkatoliki wa rozari kila siku, lakini akipika ugali tonge la kwanza hulitupa pembeni mwa mafiga na kuwataja, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeita watu waje kula. Niliyajua majina hayo kabla sijajua kusoma. Nilichokosa ni sura. Wengi wao hawakuwahi kupigwa picha. Hata baba yangu, aliyefariki nikiwa darasa la tatu, picha yake pekee ililowa mvua ikabaki shati tu.

Basi hapa palikuwa na majina yasiyo na sura, na pale palikuwa na sura isiyo na majina. Sikuona ubaya. Wa tisa nikamwandika baba.

Mwaka jana dada alijifungua mtoto wa kiume. Baba wa mtoto hakuwahi kuja kwetu kujitambulisha, kwa hiyo mtoto alikuwa wa nyumba yetu, na jina lake la nyumbani lilitakiwa litoke kwetu. Siku ya tatu alianza kulia. Hakulia kama watoto wa jirani, wanaolia wakapumzika. Huyu alilia kwa mpangilio, kama mtu anayesoma orodha. Akipewa ziwa alilishika kidogo, akaliachia, akaendelea pale alipokuwa ameishia. Tulimpeleka zahanati, wakampima, wakasema mtoto mzima, ni gesi tumboni. Tulirudi mara mbili. Mara ya pili nesi alimwangalia muda mrefu, akamwambia dada, "Mama, nyie kwenu hamna wazee?"

Tukaenda Butiama.

Kwa wazee wetu mtoto akilia bila ugonjwa anaomba jina. Yupo marehemu anayetaka kurudi nyumbani kupitia kwake, na mtoto hatatulia mpaka ajulikane ni nani. Bibi hukaa kizingitini, mtoto mapajani, anamnong'oneza jina moja sikioni, anangoja kiasi cha pumzi moja, kisha mama anatoa ziwa. Mtoto akinyonya akatulia, jina limepatikana. La ubatizo atalitoa padri siku yake. Na jambo moja halina mjadala: majina yanayoitwa ni ya waliokufa tu.

"Haya, mume wangu," bibi alimwambia, maana mjukuu wa kiume kwetu ni mume wa bibi yake. "Mwanaume gani analia mbele ya mke wake? Sema unaitwa nani tukapumzike."

Alianza na baba, sisi sote tulitegemea baba. Mtoto akalia. Akaja babu, akaja kaka yake babu, akaja mjomba. Majina yote tisa yakapita, kisha akarudia, kisha akatafuta ya mbali ambayo hata mimi sikuyajua. Jua lilikuwa limepanda na uani hapakuwa na upepo. Bibi aliinua uso, akatazama huku na huku kwenye migomba, kama mtu aliyefika kwa jirani akapiga hodi na kusikia kimya.

"Wanakuwaga karibu," alisema. "Nikiita tu nasikiaga kabisa kwamba wapo. Leo ni kama nyumba imehamwa. Wamekwenda wapi hawa?"

Mimi nilijua walikokwenda.

Nilikaa na neno hilo mpaka siku ya pili. Dada alikuwa amekonda usoni, na sauti ya mtoto ilikuwa imeanza kukwaruza. Nilimfuata bibi jikoni, alikuwa akimenya mihogo.

"Bibi, hayo majina ninayo mimi."

"Unayo vipi? Umeyafunga kwenye leso?"

"Nimewapa watu. Midoli. Ya plastiki."

Alinitazama, kisha akaanza kucheka mpaka akaweka kisu chini. "Mjomba wangu! Aliyepigana na watu sita kwa ajili ya ndama mmoja! Leo ni mdoli?"

"Ndiyo, bibi."

"Amevaa nini?"

"Kofia nyekundu."

"Hajawahi kuvaa kofia yule, alikuwa na kichwa kibaya, hakuna kofia iliyomtosha." Akacheka tena. Halafu kicheko kikakatika katikati. "Na baba yako?"

"Naye yumo."

Alichukua kisu, akamenya muhogo mzima. "Unamwita mtu, unampa mahali pa kukaa, unadhani ataondokaje? Nenda ukawalete. Wote. Na usiwafunge kwenye mfuko wa nailoni, waache wapumue."

Nilirudi Musoma peke yangu. Kwenye chumba chetu walikuwa wamesimama dirishani kama siku zote, mikono juu, migongo ikiangalia ziwa. Siku ile wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi walikuwa wamefika mpaka Iringo, kioo chote kimekuwa cheusi, mwanga wa saa nane mchana umekuwa kama wa magharibi. Niliwageuza mmoja mmoja nikisoma chini ya miguu. Walikuwa wanane. Baba hakuwepo, na sikuwa nimewahesabu tangu kabla mtoto hajazaliwa.

Nilimpigia dada. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mtoto.

"Nilimpa yule mama fundi wa Bunda," dada alisema. "Anayechukuaga nguo kwetu za kurekebisha. Siku napanga chumba kwa ajili ya mtoto, alikuja, akamwona, akamshika, akawa hataki kumwachia. Nikamwambia chukua. Ulikuwa nao tisa, mdogo wangu. Tisa wa nini?"

Aliita "haloo, haloo," kisha akakata.

Kesho yake asubuhi nilifika Bunda, wale wanane nimewabeba kwenye kikapu. Fundi anakaa kando ya barabara kuu inayotoka Mwanza kwenda Sirari, nyumba yake na malori vinatenganishwa na mtaro tu. Ni mwanamke wa makamo, mpole, shingoni ana tepu ya kupimia muda wote. Nilimwamkia, akaniambia karibu ndani. Nikaingia, nikakosa pa kuweka macho.

Kulikuwa na kabati la vioo kama yale ya kuwekea vyombo vya wageni. Ndani hapakuwa na vyombo. Walikuwemo yeye, na yeye, na yeye, kwenye rafu zote nne, wamebanana, mikono juu. Nilihesabu mpaka arobaini nikaacha. Kisha lori likapita, sakafu ikatetemeka, na vichwa vyote vikaitikia pamoja.

"Nimewazoea," fundi alisema. "Malori yakipita wanageuka kidogo kidogo. Jioni nakuta wote wanaangalia upande wa Mwanza. Kila asubuhi nawageuza."

Alinipa uji, akaniambia bila kuulizwa. Mwanawe alikuwa tandiboi, msaidizi wa dereva wa malori. Alipokuwa mdogo alikuwa na mdoli mmoja wa sura hii, aliukuta kwenye mitumba ya mama yake, alilala nao. Alikua, akapanda lori la kwenda nchi za kusini, akapiga simu wiki ya kwanza, akapiga ya pili. Ni miaka sita sasa. Mdoli ulibaki kitandani.

"Halafu siku moja niko mnadani," alisema, "namwona yuko chini kwenye turubai, juani, watu wanamruka. Najua si yule. Wa kwangu yuko nyumbani, najua kabisa. Lakini sura ile ningemwachaje pale? Nikamchukua. Baada ya hapo kila ninapomwona namchukua. Mtu akiniuliza wa nini, namwambia ni wa kuuza."

Nilielewa kila neno. Sikuwa nimewahi kukutana na mtu aliyekuwa na ugonjwa wangu.

Nikamweleza, kwa shida, kwamba mmoja wao alikuwa na jina la baba yangu, kwamba mtoto wa dada analia, kwamba bibi anangoja. Fundi ni mtu wa Mara, sikuhitaji kumfafanulia.

"Wako nilimwosha," alisema, na uso wake ukaingia aibu. "Sikujua. Nilisugua kwa spiriti nikaandika la mwanangu. Wote nimewaandika la mwanangu."

Alifungua kabati. Nilipiga magoti nikaanza kuwageuza. Chini ya miguu ya kila mmoja palikuwa na jina moja, kwa mwandiko mmoja, mara arobaini na kitu. Nilikuwa nimeishi na baba karibu mwaka mzima dirishani. Nilidhani nitamjua tu, hata gizani, kwa namna yoyote. Niliwatazama nyuso moja baada ya nyingine, wakanitazama, na hakuna hata mmoja aliyekuwa baba yangu zaidi ya mwingine. Nililia. Sikujua nalia kwa sababu ya mtoto au kwa sababu ya hilo.

"Mchukue huyu," fundi alisema, akanipa mmoja wa rafu ya chini. "Humu ndani wakishaingia wanakuwa mtu mmoja. Jina la baba yako utalitaja mwenyewe."

Nilimwomba afute maandishi ya chini kwanza. Akarudisha mikono nyuma.

"Siwezi kufuta jina la mtu aliye hai kwa mkono wangu. Lakini nisikilize. Hayo mambo yenu ya leo ni ya waliokufa. Wangu yuko safarini. Ukifika kwa huyu, lililoandikwa hapo liruke, usilitaje. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Apa."

"Haki ya Mungu sitalitaja."

Nilifika Butiama saa sita mchana. Mtoto alikuwa hatoi tena sauti. Mdomo ulikuwa wazi, kifua kinapanda na kushuka kwa mpangilio ule ule, lakini kilio kilikuwa kimekauka. Ningependa kumsikia akilia. Dada alisema hajashika ziwa tangu alfajiri.

"Anakuwa mwepesi," aliniambia. "Mshike uone."

Sikutaka kumshika.

Bibi aliwapanga tisa kwenye ungo. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo mimi nilikuwa ninamwinua mmoja, ninasoma chini ya miguu, bibi anamnyunyizia maji kwa mdomo na kumwambia, "Toka humo, rudi nyumbani," kisha anamnong'oneza mtoto. Babu. Kaka yake babu. Mjomba, ambaye bibi alimtazama kofia akaguna. Wanane walipita. Kila mara dada alitoa ziwa, na kila mara mdomo ule ulibaki wazi.

Wa tisa nilimshika nikataja jina la baba, bila kugeuza. Bibi akaita. Tulingoja. Nakumbuka niliombea pumzi ile moja irefuke. Dada akatoa ziwa, mtoto akageuza uso.

"Umetaja bila kusoma," bibi alisema.

"Nalijua, bibi."

"Wengine pia ulikuwa unawajua, na uliwasoma. Hapo chini pameandikwa nini?"

"Si la kwetu hilo."

"Nimekuuliza la nani? Soma."

"Bibi, niliapa."

Dada alinigeukia. Sijawahi kumwona na uso ule. "Uliapa kwa nani? Mtoto anakufa mikononi mwangu wewe unaniambia uliapa! Soma!"

Mimi ndiye mtu ambaye mwalimu alikuwa akinisogezea sikio mpaka mdomoni kunisikia. Siku ile niligeuza miguu ile nikasoma jina kwa sauti ambayo lazima ilifika barabarani. Sikulinong'ona, wala bibi hakuwahi kulirudia.

Mtoto alifunga mdomo. Aligeuza kichwa polepole akanitazama mimi, si bibi wala mama yake, kwa macho meusi ya watoto wachanga ambayo hayajaamua rangi. Kisha akatafuta ziwa mwenyewe, akanyonya. Tulisikia anavyomeza. Dada alikuwa akicheka na kutokwa machozi, akimpangusa mtoto machozi yanayomdondokea usoni.

"Ni nani huyo?" aliniuliza. "Huyo ni nani kwetu?"

Niliwaambia. Kabati, barabara, miaka sita, kiapo.

Bibi alingoja mpaka mtoto akahamishiwa ziwa la pili. Akafanya ishara ya msalaba.

"Basi amekufa," alisema. "Na huko alikokufa hakuna wa kumwita. Kasikia mlango wetu unagongwa, akaingia."

"Sitaki mtoto wangu aitwe jina la mtu wa barabarani," dada alisema, lakini alisema polepole, asimwamshe. Alikuwa ameshalala. Alilala mpaka jioni. Siku ya pili dada alijaribu kumwita jina la baba akiwa anamwogesha, na mtoto akaanza kile kilio cha orodha. Hakujaribu tena.

Hivyo nyumbani tunamwita jina hilo. Siliandiki hapa.

Kilichobaki kilikuwa cha kwangu peke yangu. Nilikuwa na mdoli wa watu, na nilikuwa ninajua jambo ambalo mama yake hakulijua. Dada alisema nisiende, nimtumie tu kwa gari. Nilikaa wiki mbili. Nikiwa sokoni, kila mwanamke aliyekuja na tepu shingoni niliinama chini ya meza kujifanya natafuta hanga ya nguo.

Mwishowe nilikwenda Bunda. Alikuwa kwenye cherehani, akanikaribisha kwa furaha, akasimama.

"Kanyamaza?"

"Amenyamaza, mama. Ananyonya."

"Mungu mkubwa. Baba yenu amerudi, eeh?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi, na njia nzima nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Nilimpa mdoli wake mkononi nikatazama sakafu. Lori likapita, vioo vya kabati vikalia, likaisha, na bado nilikuwa sijasema kitu. Watu wakinisubiri hivi huwa wanachoka wanaendelea na mambo yao. Yeye hakuchoka. Alinisikiliza nikinyamaza mpaka mwisho.

"Nilikwambia uruke," alisema.

"Niliruka, mama. Mara ya kwanza niliruka."

Alikaa kitako sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama. Nilidhani atapiga yowe, nikaangalia mlango. Hakupiga. Baada ya muda alitambaa mpaka kwenye kabati, akafungua, akaanza kuwatoa na kuwalaza kwenye beseni alilokuwa akilowekea vitambaa. Alileta chupa ya spiriti na matambara mawili. Moja akanipa mimi.

"Nisaidie," alisema. "Ni wengi."

Tulikaa tukisugua, yeye upande huu wa beseni na mimi upande ule, mpaka matambara yakawa ya bluu. Jina lilikuwa linatoka kwa urahisi kuliko nilivyodhani. Alifanya kazi kama fundi, bila kuruka hata mmoja. Tulipofika karibu nusu aliniuliza, bila kuinua uso:

"Mnamlaza upande gani?"

"Sijui, mama. Kulia, nadhani."

"Mlazeni kushoto," alisema. "Kulia atakohoa, ndivyo alivyokuwa."

Nilitoka nje nikampigia dada. Simu iliita muda mrefu. Alipoipokea nilimsikia mtoto nyuma yake, na alikuwa anakohoa.